Shemeji kashusha gitaa langu ukutani bila kuuliza, nimemnyang'anya mbele ya mama mkwe. Nimekosea?

Nyuzi Sita (mtoa uzi)

Wakuu salama? Naomba mnivumilie maana stori ina urefu kidogo.

Nina gitaa kavu, Yamaha FG-180, la marehemu mjomba wangu. Mjomba alikuwa baharia, zile enzi kijana wa Tanga anapanda meli anapotea miaka miwili anarudi na redio na suti, sasa yeye akarudi na gitaa kutoka Japani. Ukichungulia kwenye tundu unaona lebo nyekundu imeandikwa Nippon Gakki, ndo jina la zamani la Yamaha. Amelipiga mpaka kisukari kikamnyima vidole. Alipofariki mama akanikabidhi mimi, maana wanawe wote hakuna hata mmoja anayejua uzi wa kwanza upo juu au upo chini.

Linakaa ukutani sebuleni. Silipigi kila siku, ila kila siku nalipangusa. Mke wangu anajua, watoto wanajua, hata dada wa kazi anajua, lile kitu haliguswi.

Jumapili mama mkwe kaja kumwona mjukuu, kaja na shemeji yangu yule mdogo yupo chuo Morogoro. Mimi nipo nyuma nachoma nyama. Nikasikia gitaa. Wakuu mwili wote ulikufa ganzi, nikatupa koleo nikaingia ndani mbio nakuta dogo kajiweka kwenye kochi, gitaa lipo pajani, kavaa mkanda una lichuma kubwa mbele kama la kuvutia gari, na vidole bado vinang'aa mafuta ya kuku. Hata sikumbuki nilisema nini, mke wangu anadai nilisema "hili sio la kuchezea bwana lete hapa" nikalichukua. Sikupiga kelele. Nililichukua tu.

Mama mkwe akanyamaza. Akaomba maji. Chai hakungoja, wakaondoka.

Leo siku ya tatu ndani ya nyumba naongeleshwa kupitia mtoto, "mwambie baba chakula tayari". Sasa naomba kujua, mimi nimekosea wapi? Na nyie mliojaaliwa kuwa na magitaa mnayoyapenda, mnawapa watu wapige?

Bonge la Bwana

Yaani umemnyang'anya shemeji kitu mkononi mbele ya mama yake mzazi, halafu unauliza umekosea wapi. Mkuu andaa mbuzi.

Kwaya Tena

Hujakosea hata kidogo. Mtu akiingia kwako akakuta funguo za gari mezani anaondoka nalo? Sema gitaa watu wanaliona kama pambo. Mimi langu nimeandika kwa maka peni kwenye begi MALI YA MTU na bado wanafungua.

Bonge la Bwana

Sasa hayo maandishi si ndo yanawaita

BintiKimara

Naomba niongee kama mwanamke mpiga gitaa maana sisi yetu ni tofauti kidogo. Nikiwa napiga mahali, hata iwe kwenye birthday ya rafiki, lazima atatokea mkaka anyooshe mkono "lete nikuonyeshe". Hajaulizwa. Anachukua, anapiga zile kodi (chord) zake za G na C anazozijua tangu form two, anaanza kuimba yeye, mimi nakaa na mikono mitupu kama nasubiri daladala. Nikisema nirudishie naambiwa nina roho mbaya. Kwa hiyo mtoa uzi mi nakuelewa ile hasira, sio hasira ya mbao kukwaruzwa, ni ile hali ya mtu kukutoa kwenye kitu chako.

Dawa yangu: nilinunua gitaa la pili la bei ndogo. Linaitwa Gitaa la Wageni, lipo wazi pale, mtu apige mpaka alale nalo. Lile lenyewe lipo chumbani ndani ya begi chini ya kitanda.

Fundi Mbao

Natengeneza magitaa huu mwaka wa kumi na kitu, Dar. Niwaambie kinachoua gitaa la watu maana naona hapa mnaogopa vitu visivyo.

Kwanza mtoa uzi usijali sana, hiyo FG-180 ni plaiwudi tupu, juu, ubavuni, mgongoni. Najua wengi mnaambiana "mbao solid ya Kijapani" sio kweli. Na hiyo ndo imeisaidia kuishi Tanga miaka yote hiyo, kwa ule unyevu wa Pwani gitaa la mbao solid lisipoangaliwa linavimba tumbo, likipelekwa Dodoma kwenye ukavu linapasuka. Plaiwudi inavumilia.

Mafuta ya kuku hayaui gitaa. Yanaua nyuzi. Jasho na mafuta vinakaa kwenye nyuzi za chuma zinashika kutu na sauti inakuwa kama unapiga waya wa kuanikia nguo, basi unabadilisha. Chuma cha mkanda ndo kibaya, kinachuna rangi ya mgongoni na rangi ya zamani hairudi, hapo ulikuwa na haki. Gari juani ndo muuaji kabisa, unaliacha kwenye buti saa sita mchana, gundi inalainika, nyuzi zinavuta, jioni unakuta daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, limeanza kuinuka.

Lakini kinacholeta magitaa mengi kwangu kuliko vyote ni hiki: gitaa la nyuzi za nailoni limeazimwa, uzi mmoja umekatika, aliyeazima ameenda dukani kakuta za chuma tu akafunga za chuma zote sita. Jamani. Nyuzi za nailoni zikikazwa sawa zote kwa pamoja zinavuta kama kilo 40 hivi, za chuma zinavuta 70 na zaidi, na lile gitaa limejengwa kwa kilo 40, shingo yake mara nyingi haina hata kile chuma cha ndani. Siku moja mbili kimya, ya tatu usiku unasikia PAA, daraja limeng'oka limeondoka na kipande cha ubao. Kila mwezi naletewa, na kila anayeleta anasema "nilikuwa nimemwazima mtu".

Kwa hiyo mimi ushauri wangu tenganisha mambo mawili, kupiga hapa mbele yangu na kuondoka nalo. La kwanza mtu yeyote karibu. La pili hata mama yangu hapana.

Kwaya Tena

Fundi umenitisha, langu ni la nailoni na dogo wa jirani analo tangu Ijumaa

Fundi Mbao

Kalifuate sasa hivi

Omwana wa Kakamega

Hapa Kenya nawasoma nikicheka. Wacha niwape ya upande wa pili. Babu yangu alikuwa na gitaa, alipiga ile mitindo ya zamani ya magharibi, omutibo, ile vidole viwili na mwenzako anagonga chupa ya Fanta kando yako. Kijana mdogo akisikia anadhani ni watu watano. Sasa babu alipozeeka alilitundika akasema asiguse mtu, na kweli hatukugusa, tuliogopa ile fimbo. Likakaa hapo kama miaka kumi na tano hivi nyuzi zikiwa zimekazwa vile aliacha. Alipoaga tukaliteremsha, wee! Shingo imepinda kama upinde wa kuwinda, ndani panya wamejenga, na mgongo mchwa wamekula wamebakisha rangi tu, ukiweka kidole kinapita. Tulikuwa tumechunga hewa.

Mimi nilitaka sana kujifunza hiyo kitu kwake. Siku hizi natafuta wazee wa kunifundisha na wengi wameenda.

Fundi Mbao

Hapo ndo ujue. Kama hulipigi legeza nyuzi, zile kilo 70 hazilali, zinavuta usiku na mchana.

Mpenda Vya Kale

Naona kuna kundi la "usitoe" na kundi la "toa", wacha niwape visa viwili vya mamtoni mjichanganye zaidi.

Cha kwanza. Kampuni ya Martin ya Marekani ina makumbusho yake, ikaazimisha gitaa la miaka ya 1870 kwenye filamu ya Tarantino, The Hateful Eight ya 2015. Kuna sehemu Kurt Russell anatakiwa amnyang'anye dada gitaa alipasue. Zilikuwepo nakala za kupasua, mpango ulikuwa wasimamishe wabadilishe. Hawakusimamisha. Jamaa kalichukua lile lile la makumbusho kalibamiza nguzo, na ule mshtuko wa yule dada, Jennifer Jason Leigh, unaouona kwenye filamu sio wa kuigiza, yeye alijua ni lipi. Martin wakasema basi, hatuazimi tena gitaa letu kwenye filamu yoyote.

Cha pili. 1970, San Francisco, Peter Frampton anapiga na bendi yake Humble Pie pale Fillmore West, gitaa lake linamsumbua linapiga mluzi kila akipandisha sauti. Shabiki mmoja akamwambia kesho tumia langu, akamletea gitaa la umeme, Les Paul nyeusi ya 1954. Frampton kalipiga, baada ya shoo akamwuliza unaniuzia? Yule akasema siuzi, nakupa. Bure! Likawa ndo gitaa la maisha yake, mwaka 1980 ndege ya mizigo ikaanguka Venezuela akajua limeungua, kumbe kuna mtu aliliokota, likarudi mkononi kwake mwisho wa 2011.

Kwa hiyo ukimpa mtu gitaa hujui kama ni Kurt au ni Peter.

Bonge la Bwana

Kwa mkanda ule wa chuma, shemeji ni Kurt

Mzee wa Chemko

Vijana habari za jioni. Nimesoma uzi wote nimecheka peke yangu mpaka mama akaniuliza kulikoni.

Nyie mnaongea "gitaa langu". Sisi wakati wetu hilo neno halikuwepo. Nilipiga rithim kwenye bendi ndogo miaka ya themanini, msinitafute hamtanijua. Mwanamuziki wa dansi alikuwa na suti na viatu vinavyong'aa, gitaa hana. Vyombo vilikuwa vya mwenye vyombo. NUTA Jazz tangu 1964 vyombo ni vya chama cha wafanyakazi, chama kikabadilika jina ikawa JUWATA, ikaja OTTU, wanamuziki wanahama jina na vyombo. Sikinde vya DDC, shirika la jiji la Dar. Urafiki Jazz vya kiwanda cha nguo. Polisi wana vyao, JKT wana vyao. Mtu anakung'uta solo usiku mzima ukumbi unatetemeka, chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, mpaka alfajiri, akimaliza anakabidhi gitaa linaingia stoo, yeye anarudi nyumbani kwa miguu mikono mfukoni. Mchana akitaka kufanya mazoezi aende stoo amkute mwenye ufunguo.

Ndio maana mlikuwa mnasikia fulani kahama. Mwimbaji Gurumo na wenzake walipotoka Sikinde 1985 kwenda bendi ya Safari Sound hakuna aliyebeba chombo, unahama na sauti yako na vidole vyako. Na ukigombana na mwenye vyombo anafunga mlango wa stoo tu, bendi imekufa siku hiyo hiyo hata kama mna nyimbo mia. Yetu ilikufa hivyo.

Sasa swali, sisi vijana tulijifunzia wapi? Tulikaa nyuma ya jukwaa. Unabeba spika, unakunja nyaya, unatumwa sigara. Siku mpiga rithim anajisikia kwenda haja anakuangalia anasema shika hapa nakuja, usibadilishe kitu. Dakika tatu. Mimi nimejifunza gitaa kwa dakika tatu tatu za gitaa ambalo hata yule aliyenipa halikuwa lake, na angefukuzwa kama mwenye vyombo angeniona.

Kwa hiyo mtoa uzi swali langu dogo tu, sio kwa ubaya. Wewe ulijifunzia gitaa la nani?

BintiKimara

😳

Omwana wa Kakamega

Mzee amemaliza. Shikamoo mzee.

Mzee wa Chemko

Marahaba baba.

Kwaya Tena

Wakuu nimelifuata. Lilikuwa bado na nyuzi za nailoni ila dogo kalibandikia stika za Simba. Mimi ni Yanga.

Bonge la Bwana

Mtoa uzi yupo wapi? Kaulizwa swali kakimbia. Tangu jana.

Mpenda Vya Kale

Atakuwa anachinja mbuzi

Nyuzi Sita (mtoa uzi)

Nipo. Sikukimbia.

Posti ya Fundi niliisoma nikiwa kwenye mwendokasi nimesimama, nikaizima simu nikaiweka mfukoni. Halafu usiku nikasoma ya Mzee. Nimekaa nayo siku nzima.

Nilijifunzia gitaa la mwalimu wa kwaya kanisani kwetu Tanga, 2006, nipo form two. La mjomba lilikuwepo lakini mjomba alikuwa hampi mtu, labda ndo nilipoirithi hii tabia pamoja na gitaa. Mwalimu alikuwa na gitaa la klasiko, la nailoni, kalinunua kwa hela yake ya ualimu wa shule ya msingi sijui alijinyima miezi mingapi. Alikuwa ananipa Ijumaa jioni narudisha Jumapili asubuhi kabla ya ibada. Hakuwahi kuniuliza utalitunzaje, alikuwa anasema tu usilikalie.

Kuna wiki ule uzi mwembamba ulinikatikia. Nikaogopa kumwambia. Nikachukua hela ya nauli ya wiki nikaenda dukani, kuna za chuma tu, muuzaji kasema hizi ndo nzuri zaidi zinalia. Nikafunga zote sita. Na kweli zililia jamani, Ijumaa ile nilijiona nipo bendi kubwa. Jumamosi usiku tumelala, PAA. Bibi akadhani mwizi. Nawasha koroboi nakuta daraja limening'inia kwenye nyuzi na pale lilipokuwa pana kidonda cha mbao nyeupe.

Jumapili nikalitia kwenye begi, nikafika mapema kabla ya watu, nikaliegemeza kwenye kona ya chumba cha kwaya nikaenda kukaa na waimbaji wa tena (tenor) kama sijui lolote. Mwalimu akaja, akafungua zipu nusu, akaangalia, akafunga. Siku hiyo tuliimba bila gitaa. Baada ya ibada watu wakamwuliza, akajibu "hali ya hewa hii, gundi imechoka". Basi. Mimi nipo pale pale naangalia viatu.

Likakaa kwa fundi seremala kama mwezi, likarudi limegundishwa na misumari midogo miwili, sauti yake haikuwa ile tena. Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi akanipa, kama kawaida. Usilikalie.

Sijawahi kumwambia mpaka leo.

Mpenda Vya Kale

Mkuu 🙌🏾

BintiKimara

Sasa mimi nalia kazini kwa ajili ya misumari

Fundi Mbao

Misumari kwenye daraja. Mungu amsamehe huyo seremala.

Bonge la Bwana

Shemeji je

Nyuzi Sita (mtoa uzi)

Shemeji nilimpigia juzi, nikamwambia njoo Jumamosi. Alidhani namwita kumsema akaja na rafiki yake kama shahidi. Nikamwambia nawa mikono, vua mkanda, akavua akabaki anashikilia suruali na mkono mmoja ikabidi mke wangu ampe kamba ya kanga, ndo mara ya kwanza tangu ile Jumapili mke wangu kucheka mbele yangu.

Kumbe dogo ni mashoto. Na hajui kwamba gitaa la mashoto linageuzwa nyuzi, yeye analipindua tu lilivyo, nyuzi nene zipo chini, vidole vinatembea kinyumenyume, na anapiga solo za Sikinde alizojifunza kwa kusikiliza simu hosteli kwenye gitaa la mwenzake, mwenye gitaa akiwa darasani. Anakosea sehemu nyingi. Ila kuna sehemu moja anapandisha juu kule karibu na tundu, mjomba alikuwa anapapenda sana pale, sikuwahi kusikia mtu akipita pale kwa lile gitaa tangu afariki.

Nisiwadanganye, muda wote nilisimama mita moja kutoka kwake mikono imenyooka kama golikipa. Saa nzima. Mgongo unaniuma mpaka leo. Na kulibeba hajalibeba, limerudi ukutani, atakuja Jumamosi nyingine apige hapa hapa kwa mfumo wa Fundi. Mama mkwe bado simu hapokei. Mbuzi naulizia bei.

Mzee wa Chemko

Kijana akikosea usimsahihishe kila mara. Na ukae, unamtisha.

Omwana wa Kakamega

Rekodi huyo mashoto utuwekee hapa tuskie

Kwaya Tena

Na mwalimu wa kwaya yupo hai?

Nyuzi Sita (mtoa uzi)

Yupo, kastaafu, anafuga kuku Muheza. Namba ninayo. Nimewaza nimpigie nimwambie, halafu nawaza tena miaka yote hii mzee wa watu anaamini ni gundi, nikamharibie ya nini.

Fundi Mbao

Mkuu samahani nakuuliza kiufundi tu. Lile gitaa ulivyolitia kwenye begi Jumapili ile, zile nyuzi za chuma ulizitoa?

Nyuzi Sita (mtoa uzi)

Hapana